Barua Iliyopita Kwenye Matundu

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo. Mwenyekiti ameagiza kila anayeshuhudia asimame ili aonekane hadi nyuma. Nitamtii kwa kunyoosha shingo, maana kusimama ni jambo nililoachana nalo zamani, tena tuliachana bila kuagana.

Ameagiza pia tusitaje jina la mtu. Hilo nimelipokea kwa furaha. Karibu wote nitakaowasema wamo humu ukumbini, na mmoja wao, dada yangu, ameshaanza kunikazia macho kabla sijasema lolote.

Ndugu zangu, nawaambieni, sikuanza maisha nikiwa mtu wa kuhurumiwa. Nilianza nikiwa mtu wa kuchosha. Nilisoma hadi chuo kikuu, nikaajiriwa na shirika la umma Dar es Salaam, nikapewa kiti cha kuzunguka. Ikaja miaka ile ya soko huria. Mashirika yakauzwa, na sisi tuliokuwa tukizunguka kwenye viti tukaambiwa twende kwetu. Nikarudi huku Matiri na mke, binti mdogo, masanduku mawili ya vitabu, na kompyuta ya mtumba iliyomeza kiinua mgongo changu chote. Majirani walipoiona walikuja jioni mbili mfululizo, wakakaa mbele yake kimya wakingoja mpira uanze. Nyumbani hatukuwa hata na umeme. Sikuwa na moyo wa kuwaambia.

Paroko alinionea huruma, akanipa chumba kidogo nyuma ya ofisi ya parokia, ambako jenereta iliwaka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Humo ndimo nilipokuwa mwandishi. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakizaliwa kila wiki, yote yana njaa ya maneno, nami niliyalisha makala za kejeli. Nilimkejeli mnunuzi wa kahawa na mizani yake, nikamkejeli mkulima aliyemwamini, nikamkejeli msomi aliyerudi kijijini na kompyuta, ingawa huyo nilimkejeli kwa upole kidogo. Niliandika kwa vidole kumi bila kuangalia. Mke wangu alisema vidole vyangu vikiwa kazini vinasikika kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nilidhani ananisifu. Sasa nafikiri alikuwa anasema tu kwamba mvua hiyo ikinyesha hatuwezi kusikilizana.

Msimu mmoja nilitaka kuandika safari ya gunia la kahawa, toka shambani hadi ghalani mjini. Nikapanda juu ya lori lililojaa magunia. Dereva akanisihi.

"Mwalimu, ingia mbele. Mvua inakuja."

"Niache, nataka kuiona nchi vizuri."

Niliiona nchi. Kwanza niliiona kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, kisha kwa karibu sana. Lori liliteleza kwenye kona, likaegemea ukingo wa barabara kwa taratibu kama mzee anayejilaza, wala dereva hakukwaruzika. Mimi nilishuka na magunia sita. Shingo ikavunjika.

Miezi iliyofuata siikumbuki kwa mfuatano. Nakumbuka ukungu. Hospitali ya misheni nilikolazwa ilikuwa mlimani, na asubuhi ukungu uliingia dirishani bila kubisha, ukapita kati ya vitanda kama muuguzi anayehesabu wagonjwa, halafu ukatoka. Sikuweza kutenganisha wakati wa kuamka na wakati wa kulala. Nilikuwa na ndoto moja iliyorudi tena na tena. Nimekaa kwenye Ziwa Nyasa, juu ya maji yenyewe, maji yametulia yamekuwa karatasi, nami naandika kwa vidole vyangu kumi. Kila neno linakaa kidogo, linang'aa, kisha linazama polepole, na chini kabisa nawaona usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, wakikusanyika kulisoma. Nilikuwa naamka nimefurahi. Kisha naangalia mikono yangu juu ya shuka. Mabega yangu yalikuwepo. Kiwiko cha kulia kilikuwepo nusu. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine aliyevisahau pale.

Mke wangu alinihudumia mwaka mzima. Yeye ni mtu wa ziwani, kwao ni ufukweni, kusini kidogo ya Mbamba Bay, na watu wa ziwani hawana makelele. Alinilisha, alinigeuza, alinifuta, na kila Jumamosi alinikata kucha. Alishika kidole kimoja kimoja, akakikata kwa wembe, akapuliza vumbi, akakirudisha mahali pake. Jumamosi moja alikuwa amefika kidole cha nne. Nikamwambia, "Nenda kwenu ukatafute mwanamume mwenye mikono."

Akamaliza kidole cha tano, maana si mtu wa kuacha kazi katikati. Jumatatu alimchukua binti yetu, wakapanda gari la kushuka ziwani.

Nitawaambieni jambo la aibu. Kwa majuma mawili nilijisikia shujaa. Nilijiambia nimemwachia huru mwanamke kijana. Niliandika kichwani makala nzuri sana juu ya ukarimu wangu. Juma la tatu makala iliisha, nikabaki mimi na dirisha.

Dada yangu akahamia kwangu kunitunza. Huyu dada, mnamwona pale mstari wa pili, ana moyo mkubwa na sauti inayolingana nao. Nilipomwambia nataka kumwandikia mke wangu barua, alileta kalamu na daftari haraka, akakaa. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la pili wa huku kwetu angenikataza. Niliomba msamaha kwa mke wangu kupitia mkono wa wifi yake.

"Andika hivi," nikasema. "Mke wangu mpendwa, nyumba haina sauti tangu ulipoondoka."

Dada akaandika, midomo ikicheza.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika nyumba imekaa vibaya, urudi."

"Sikusema hivyo."

"Kaka, wewe umesoma sana. Mwanamke akiambiwa nyumba haina sauti atadhani redio imeharibika. Mwambie nyumba imekaa vibaya, ataelewa."

"Basi andika, nilisema maneno mabaya, najuta."

Akaweka kalamu chini. "Mbele ya watu wa kwao? Hii barua itasomwa na baba yake. Utamwambia mkwe wako kwamba umekosa, kwa hati yangu mimi?"

Tukakubaliana maneno yaliyo katikati. Majibu yalikuja baada ya mwezi mmoja, kupitia mwanamke mchuuzi wa samaki. Ilikuwa barua ileile, imekunjwa vilevile. Chini, kwa hati ndogo iliyotulia, mke wangu alikuwa ameongeza mistari miwili: "Wifi, nashukuru kwa barua yako. Mwambie kaka yako naye aniandikie."

Dada alikasirika siku tatu. Mimi nilicheka mara moja tu, kisha nikaacha, maana yule mchuuzi aliongeza habari kwa mdomo. Mke wangu ana shangazi ng'ambo, upande wa Malawi, anauza nguo na anamhitaji msaidizi. Mvua zikikatika, maji yakitulia, yeye na mtoto watapanda meli wavuke. Wote mliokulia ufukweni mnajua. Mtu akivuka kutembea, anarudi upesi. Akivuka kufanya kazi, anarudi mtoto wake akiwa amesahau jinsi ya kukuamkia.

Kusafiri sikuweza. Barabara ya kushuka ziwani wakati wa mvua iliwashinda wenye shingo nzima. Ningetuma wazee, wangesema maneno ya wazee. Kalamu ya mdomoni nilijaribu, nikachora kitu ambacho dada alikitazama sana, akauliza kama ni kuku. Ikabaki kompyuta. Ilikuwa bado kule parokiani, chini ya kitambaa cha altare kilichochakaa, ikiningoja niwe na vidole.

Paroko alikuwa na rafiki ng'ambo ya bahari aliyemletea, kwa ombi langu, kitabu cha picha cha vifaa vya watu wenye ulemavu kama sisi. Ndugu zangu, sijawahi kusoma kitabu cha mapenzi kilichonisisimua kama kile. Dada alinifungulia kurasa, nami nikaelea. Kulikuwa na mpira mkubwa kama chungwa unaousukuma kwa kisigino cha mkono, na mshale unatembea kwenye kioo. Kulikuwa na mrija: ukipuliza mashine inafanya hili, ukinyonya inafanya lile. Kulikuwa na kofia yenye fimbo mbele kama pembe ya mnyama mpole. Kulikuwa na kibodi yenye vitufe vikubwa kama vipande vya sabuni. Kila picha ilikuwa na mtu anayetabasamu, na nyuma yake dirisha safi lisiloingiza ukungu. Nikilala niliota niko dukani humo. Naingia nikitembea, nachagua, nafika mlangoni, muuzaji ananiuliza kwa upole, "Utavibeba kwa mikono ipi?"

Bei zake sitazitaja. Tufunike kitabu.

Tukaanza kutengeneza vyetu. Kofia tulitumia ya mwendesha pikipiki, tukafunga mpini wa mwiko; nilipigwa na usingizi nikagonga kioo. Kijiti cha kung'ata kiliniuma meno hadi nikawa naongea kama niliyeng'olewa. Kipanya cha kompyuta, wakati ule kilikuwa na mpira mdogo tumboni, dada alikigeuza chali kama kobe, nikausukuma ule mpira kwa kisigino cha mkono, na mshale ukatembea. Siku hiyo tulishangilia. Lakini mshale hauandiki barua. Unaweza kuonyesha, hauwezi kuomba msamaha.

Mwisho tulipata njia iliyokaribia. Dada alichonga kijiti cha mti wa mbuni, kigumu na laini, akakifunga kwenye kiganja changu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nchani tukachomeka kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ya sindano, tulichoomba zahanati, ili kisiteleze. Kiwiko changu nusu kiliweza kukiinua na kukishusha. Lakini mkono ulitetemeka, na uliposhuka haukushuka nilikoagiza. Nilitaka M, ukaangukia N. Nilitaka A, ukafagia Q na S njiani. Siku ya kwanza niliandika "mke wangu" kwa saa nzima, na kwenye kioo yakasomeka maneno ambayo sidhani kama kuna kabila la dunia hii linayatumia. Kila siku saa saba jenereta ilizimwa, nami nikazimika nayo. Mvua zilikuwa zinapungua. Nilihesabu siku kwa kusikiliza bati.

Asubuhi moja mama yangu alikuja parokiani. Alikuwa ametoka shamba, ana jembe na udongo miguuni, na alikuwa amekuja kunisemea jambo lingine kabisa, habari za mbuzi. Akasimama nyuma yangu. Mama hakuingia darasani hata siku moja, na mashine ile aliita "sanduku la mwanangu". Alinitazama nikigonga na kuteleza, nikigonga na kuteleza, muda mrefu, na habari za mbuzi zikamtoka.

Akasema, "Unalima tambarare kwenye mteremko."

"Mama, sasa hivi nafanya kazi."

"Naiona hiyo kazi. Kila unachomwaga kinakimbilia kwa jirani. Nani alikufundisha kulima hivyo, huko chuo?"

Kwa wageni wetu mliotoka Songea nieleze kidogo. Sisi Wamatengo tunalima milimani, mahali ambapo mbuzi anafikiri kwanza. Hatulimi matuta ya kawaida. Mvua ingeshusha shamba lote bondeni. Tunalima ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kama wavu. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuufunika juu ya nyasi. Mlima unabaki umejaa mashimo, kuta kila upande, kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila tone linaingia kwenye shimo lake, halina njia ya kwenda kwa jirani. Nimeishi nikiangalia ngoro kila asubuhi ya utoto wangu. Niliandika makala juu yake, nikasifiwa. Haikunijia hata siku moja kwamba mkono wangu ni mvua.

Mama hakungoja nielewe. Akaenda moja kwa moja kwa fundi seremala, yule wa karibu na mashine ya kusaga, akamwambia achonge ubao wa ngoro ulingane na kibodi ya sanduku la mwanawe, tundu moja kwa kila kitufe. Ubao utakaa juu ya vitufe, kijiti kitatumbukia kwenye tundu, kikishatumbukia hakina pa kuteleza.

Fundi alikuja kuangalia kibodi kwa mbali, mikono nyuma. Nikamwambia apime.

"Kupima nini, mwalimu? Mimi mtoto wa Mmatengo. Ngoro naijua."

Siku mbili baadaye ubao ulikuja, umepigwa msasa, mzuri kweli. Matundu yamenyooka mistari chini na mistari kukatisha, shamba ambalo bwana shamba angelipiga picha. Tukauweka juu ya kibodi. Nusu ya vitufe havikuonekana kabisa. Vitufe vya kibodi, ndugu zangu, havikunyooka. Kila mstari umesogea kidogo pembeni ya ule wa juu yake. Fundi aliinama akavitazama kwa mara ya kwanza kwa makini, na uso wake ukaingia huzuni ya kitaalamu.

"Nani alipanga hivi? Alikuwa amekunywa?"

"Ndivyo zilivyo zote duniani, fundi."

"Duniani kote? Na watu wanavuna humo?"

Ubao wa pili alipima kwa uzi. Matundu yakalingana. Nikanyanyua mkono, nikaushusha, kijiti kikagonga ukingo wa tundu, kikaruka. Nikarudia, kikaruka. Matundu yalikuwa na kuta wima, na usipolenga katikati kabisa hukubaliwi kuingia. Nilikaribia kulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha paroko akila hindi la kuchoma. Akauchukua ubao, akaingiza kidole tunduni.

"Fundi, hiki umechimba kisima. Umeona wapi ngoro yenye ukuta wa kisima? Ukuta unalala. Juu panuka, chini bana. Maji hayalengi, maji yanashuka."

"Mama, sasa hilo si ungesema mwanzo?"

"Ulisema ngoro unaijua."

Kuchimba ngoro, kama mjuavyo, ni kazi ya wanawake. Fundi alikuwa amelaza nyasi maisha yake yote, hajawahi kuchimba shimo hata moja. Akauchukua ubao, akakaa pale pale kizingitini, akachonga kila tundu kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, mama akiwa juu ya kichwa chake. Chumba kilijaa moshi mtamu wa mbao. Nilikuwa nimefumba macho, na kwa kitambo sikujua kama niko parokiani au mlimani wakati wa kuchoma mabaki ya shamba, niko mgongoni kwa mama, dunia yote chini yangu ina mashimo ya maji na kila shimo lina kipande cha mbingu.

"Haya, nyesha," mama akasema.

Nikanyanyua mkono. Ukatetemeka, ukashuka vibaya, upande wa kushoto wa nilikotaka. Kijiti kikagusa ukuta uliolala, kikateleza kwa ndani, polepole, kikafika chini. Kwenye kioo ikatokea M.

Mama alimaliza hindi lake, akakumbuka mbuzi, akaanza kunisimulia.

Niliandika siku tisa. Kulikuwa na tatizo moja, herufi kubwa, maana lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, na mimi nilikuwa na kijiti kimoja. Nilishaamua mke wangu ataandikiwa kwa herufi ndogo mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayenong'ona. Siku ya pili mkono ulishikwa na mtetemo ndani ya tundu la kile kitufe cha herufi kubwa, ukakigonga mara tano mfululizo. Mashine ikalia. Kikatokea kisanduku chenye maneno. Nilidhani nimeiharibu. Nikasoma, nikasoma tena. Mashine ilikuwa inaniuliza kama ningependa kubonyeza vitufe kimoja kimoja, kimoja kikimngoja mwenzake. Ndugu zangu, niliinunua mashine ile mwenyewe, nikajivuna nayo, nikaandika juu yake makala zisizo na idadi, kumbe ndani yake kulikuwa na mlango uliokusudiwa mtu wa kidole kimoja, na katika miaka yote ya vidole kumi sikuwahi kuupita. Nilijibu ndiyo.

Kuandika kwa ngoro si kuandika nilikokujua. Kwa vidole kumi nilikuwa natupa sentensi kabla sijajua kama naiamini. Sasa kila herufi ilikuwa safari. Mkono unapanda, unaning'inia, unashuka, unatulia shimoni. Ukishuka unapata muda wa kujiuliza, na neno la uongo halistahimili safari ndefu kiasi hicho. Maneno mengi mazuri yalifia njiani. Siku nyingine niliandika mstari mmoja, na mchana wote uliobaki nilielea ndani yake, nikisikia mawimbi. Bati lilikuwa kimya tayari. Mvua zilikuwa zimekatika.

Barua mke wangu ameniruhusu niisome. Ni hii:

"Mke wangu. Huyu ni mimi, hakuna mtu kati yetu. Nilikufukuza siku ile ya kucha. Ulizikata kwa uangalifu, kama za mtu mwenye kazi kesho yake. Wewe uliamini, mimi niliona aibu kuaminiwa. Sikuiti urudi kunihudumia. Nakuita urudi tugombane, maana hapa hakuna wa kugombana naye, wote wananihurumia. Ukipanda meli, panda ukijua nimekuandikia mwenyewe."

Basi. Siku tisa. Printa ya parokia ilipiga kelele kama inayokatwa, karatasi ikatoka. Nikamwomba dada aikunje bila kusoma.

"Mimi sisomi barua za watu," akasema, macho yakiwa mstari wa tatu. Akaikunja. Kisha akageukia ukutani, akakaa hivyo kidogo, akasema moshi wa jenereta unamwasha. Ni yeye aliyeibeba hadi stendi, akampa dereva mkononi, akamwapisha kwa marehemu wa familia mbili.

Nikangoja. Kungoja huko sina namna ya kukusimulieni. Nilisikia meli kila siku, ingawa kutoka huku juu hakuna mtu anayeweza kusikia meli. Siku ya kumi na mbili nilikuwa parokiani, najifunza mabano na alama za kuuliza, mlango ukafunguliwa. Binti yangu aliingia kwanza, amerefuka, akasimama mbali. Mama yake nyuma, na kikapu cha usipa wakavu.

"Wifi," akamwambia dada yangu, "barua yako imenyooka sana, lakini hati yako inaamrisha."

"Karibu wifi," dada akasema. "Nyumba imekaa vibaya."

Wakacheka wale, wanawake wawili, mimi nikiwa katikati nimefungwa kijiti mkononi. Mke wangu akaja upande wangu. Hakunigusa. Akauangalia ubao, akapitisha kidole kwenye ukuta wa tundu moja, taratibu, hadi chini.

"Andika nione."

"Niandike nini?"

"Chochote. Nataka kuona."

Nikaanza. Nilitaka kuandika kwamba nimekosa, na nilitaka mkono usitetemeke, kwa hiyo ukatetemeka zaidi. Aliweka kikapu chini. Alikaa. Alimpa mtoto usipa mmoja. Alitazama kila herufi ikitokea kwenye kioo kama mtu anayetazama mashua ya mbali ikikaribia, hana haraka, anajua inakuja. Nilipomaliza neno moja alishusha pumzi.

"Sawa," akasema. "Kwa mwendo huu, siku ukiamua kunifukuza tena itakuchukua juma zima. Nitakuwa nimeshasamehe hujafika kwenye nukta."

Hakupanda meli ile, wala iliyofuata.

Sasa nishukuru, maana mwenyekiti anaangalia saa. Namshukuru paroko kwa chumba, na kwa kizingiti kilichoungua kidogo kwa kisu cha fundi. Namshukuru fundi, ambaye tangu siku ile ameshachonga mbao nyingi kama ubao ule, na sasa anapima bila kuombwa. Namshukuru dada yangu, aliyenibeba, akaniosha, akaniandikia barua mbaya kwa mapenzi mema. Namshukuru mama, aliyekataa kuja leo kwa sababu ana palizi, na amesema tukitaka kumshukuru twende tukamsaidie. Mke wangu namshukuru nyumbani, kwa maneno machache, kwa kuwa yananigharimu.

Na kama kuna la kujifunza kwangu, ni hili. Nilitafuta kifaa miezi mingi nikifikiri nimepoteza vidole, nikatafuta cha kuvirudisha. Havirudi. Kilichohitajika ni kitu cha kuupokea mkono huu huu, mbaya ulivyo, unapotua popote unapotua. Vile vya kitabuni ni vizuri, na aliyeweza kuvipata asione haya. Ila mwanzo chukueni kibodi muiweke mbele ya watu wanaowajua, wachimbaji, wafumaji wa mikeka, washonaji, muwaache wawatazame mkishindwa. Wengi wetu tunaficha kushindwa kwetu, basi hakuna anayepata nafasi ya kutukosoa. Na msimkabidhi mtu mwingine, hata anayewapenda kuliko wote, yale maneno ambayo yakisemwa naye yanakuwa yake.

Nimemaliza kusema. Ubao upo pale mezani na kompyuta imewashwa. Kuna vijiti vya saizi tatu. Mama uliyekaa karibu na mlango, uliyetoka Litumbandyosi, uliniambia asubuhi kwamba hukuja kuandika, umekuja kusikiliza tu, na kwamba mikono yako imeharibika mno. Sogea, mama. Hatutaangalia kioo. Nadhani kuna mtu unayetaka kumwambia jambo.